Usiguse Mawe

Perth, 4 Machi 1978

Shemeji Innes,

Salamu nyingi. Natumai goti limeacha kukusumbua na kwamba majirani wa ghorofa ya juu wameacha kuhamisha makabati usiku.

Mimi sijambo, ila kichwa kimevurugika, na nimeona nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanangu Catriona ameandika. Safari hii hakunizungusha. Anasema nyumba yao ya Dunedin ina chumba cha chini kinachotazama bustani, watoto wanauliza bibi atakuja lini, na mumewe yuko tayari kulipia meli ibebe vyombo vyangu. Yaani nihame, Innes. Sio kwenda kutembea, ni kuhama kabisa, New Zealand, upande wa pili wa dunia. Anataka jibu kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Niliisoma ile barua jikoni mpaka mayai yakaungua. Siku moja naona ni vyema niende, siku ya pili naona ni wazimu. Kama marehemu Murdo wangu angekuwepo angeniambia la kufanya, halafu mimi ningefanya kinyume chake, na mambo yangekwenda. Sasa namuuliza paka.

Basi nimefikiri hivi. Kama nitakwenda, huu ndio mwaka wetu wa mwisho. Kiangazi twende milima ya ng'ambo kama kila mwaka, na zamu ya kuchagua ni yako, kwa sababu mwaka jana nilichagua mimi tukalowa Pirenei kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Halafu mwezi wa tisa tumalize ule mmoja uliobaki hapa kwetu. Orodha nzima ya milima ya Uskoti ya futi elfu tatu tumeipanda, tulianza tukiwa watatu, tumebaki wawili, na umebaki Ben More wa kisiwani Mull peke yake. Tuwaite watu wote wa klabu yetu ya milima, tubebe wiski, nichemshe ile keki ya matunda kwenye kitambaa kama alivyokuwa akifanya mama yake Murdo. Tuguse mawe yaliyorundikwa kileleni pamoja, tupigwe picha, basi.

Niambie unaonaje. Kuhusu kuhama, nasema. Na milima pia.

Shemeji yako,
Elspeth


Paisley, 15 Machi 1978

Shemeji,

Barua yako nimeipata. Nimefikiri sana juu ya uliyosema.

Nadhani Norwei.

Kuna eneo linaitwa Jotunheimen, lina vibanda vizuri vya kulala, na njia zimewekwa alama nyekundu kwenye mawe, hata wewe huwezi kupotea. Barafu kidogo tu. Mwishoni mwa Agosti panakuwa patupu na patulivu, na tukitaka tunaweza kukaa hadi katikati ya Septemba.

Catriona ni binti mzuri. Tangu mdogo alikuwa na meno mazuri.

Ben More tutaona.

Innes


Perth, 20 Machi 1978

Shemeji,

Nimekuuliza mambo mawili umenijibu moja, na hilo moja umelijibu kinyume. Norwei? Wewe uliyetapika kutoka Newcastle hadi Bergen, ukashuka ukaapa mbele yangu na mbele ya marehemu mume wangu kwamba hutakanyaga tena nchi ambayo glasi ya bia inauzwa kwa bei ya kondoo? Maneno hayo ni yako. Na mbona tukae huko mpaka katikati ya Septemba, na Septemba nimekwambia ni ya Ben More?

Na hayo meno ya Catriona yametokea wapi, Innes? Nimekwambia mwanangu anataka nihame nchi, unanisifia meno yake. Nimeisoma mara mbili nikidhani karatasi moja imepotea katikati.

Tafadhali nieleze vizuri. Unajua mimi nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, nikiulizwa nasema, nikiuliza nataka jibu.

Elspeth


Paisley, 2 Aprili 1978

Shemeji,

Umesema kweli. Norwei hapana. Nilisahau ile meli.

Nimekaa maktaba siku kadhaa na vitabu vya wasafiri, na dada wa pale sasa ananiwekea kiti. Naona Austria. Bonde la Stubai. Supu yenye matonge makubwa ya unga ndani yake, na wenyeji wanasalimiana njiani badala ya kuangalia viatu vyao kama sisi. Ila kiangazi Wajerumani wanajaa kila kibanda, kwa hiyo mwandishi mmoja anashauri tuende mwishoni mwa Septemba. Ni yeye anayeshauri, sio mimi.

Innes


(Kadi ya posta, Paisley, 6 Aprili)

Shemeji, Austria uiache. Milima ya Tatra, Poland. Mwezi wa kumi. Majani yanakuwa mekundu. I.


Perth, 14 Aprili 1978

Innes,

Nimeweka barua zako zote mezani, na kadi, nikazitazama kama nilivyokuwa nikitazama chati ya mgonjwa ambaye homa inapanda na kushuka bila sababu. Sielewi kitu. Kwanza Agosti, kisha Septemba, sasa Oktoba. Kila barua unavyobadilisha nchi unaisogeza na tarehe mbele. Oktoba theluji imeanza Tatra, hata mimi ambaye sikuketi maktaba nalijua hilo. Na Oktoba, kama nimekubali, mimi niko melini.

Kama nimekubali. Bado sijamjibu Catriona. Kila nikishika kalamu nasema ngoja kwanza nione Innes atasemaje, na Innes anasema Tatra.

Sasa nikuulize jambo, na usikasirike. Nimesikia kwa watu wa klabu kwamba Netta Baird amenunua viatu vipya vya kupandia, vya Kiitaliano, na kwamba anakusifu wewe mbele za watu. Netta huyuhuyu aliyekuwa akisema kwenda milimani ni kazi ya mbuzi. Kama umepata mwenzio wa kutembea naye, mimi sina neno. Ni mwanamke safi na anajua kupika kuliko mimi. Lakini niambie, ili nijue kwa nini hutaki kumaliza Ben More nami. Inaniuma kudhani kwamba baada ya miaka yote hii unaona tabu kunipa siku moja ya mwisho. Hilo ndilo ninalodhani, na nimeona nikwambie.

Elspeth


Paisley, 23 Aprili 1978

Shemeji,

Netta alikuwa na bomba linalovuja nyuma ya jiko. Nililitengeneza. Akanipa biskuti. Hayo ndiyo yote yaliyopo kati yangu na Netta Baird, na biskuti zenyewe zilikuwa ngumu. Viatu amenunua kwa ajili ya dada yake anayekwenda Uswisi. Nashangaa watu wa klabu wanapata wapi nafasi ya kupanda milima kwa jinsi midomo ilivyo na shughuli.

Kuhusu Ben More, nimefikiri kwa makini, na mwaka huu haufai. Mwezi wa tisa ni msimu wa kuwinda kulungu, tutapigwa risasi. Kabla ya hapo kuna visubi, na wewe visubi wanakuvimbisha uso. Kivuko cha Oban nacho hakitabiriki. Halafu unajua lile jambo la dira: karibu na kilele mawe yake yana sumaku, sindano inazunguka hovyo, na ukungu ukishuka mtu anaweza kutokea ukingoni mwa jabali. Sipendi ufike huko mwaka ambao una mawazo mengi.

Nilikuwa naangalia Krete. Milima Myeupe, ndivyo wanavyoiita. Januari na Februari hakuna joto kabisa. Nyumba zinapangishwa kwa majira mazima ya baridi.

Natumai paka mzima.

Innes


Perth, 1 Mei 1978

Bwana Lockhart,

Januari. Krete. Majira mazima ya baridi. Nami nimekwambia tangu Machi kwamba Januari nitakuwa Dunedin nikifuma soksi.

Kulungu wa Mull hawawindwi kwenye ile njia, tulikwisha uliza zamani, wewe ndiye uliyeuliza. Visubi nimepambana nao tangu nizaliwe. Kivuko kinakwenda kila siku. Na dira tuliyo nayo ni ileile iliyotutoa Cairngorm kwenye dhoruba ya theluji, ukiwa umeishika wewe na unaimba. Sitaki tena sababu zako. Umenichosha, Innes. Nimelia jana, nami sio mtu wa kulia, nimelia kwa hasira juu ya sinki nikiosha kikombe kimoja.

Sasa sikiliza. Unajua kama ninavyojua kwamba mlima wa mwisho haupandwi peke yako. Hata wale wanaotembea peke yao mwaka mzima, siku ile hutafuta mtu. Murdo alipokuwa anaumwa alituambia tusimsubiri, twende tumalize, ila tumalize pamoja. Mimi nimesubiri. Wewe hutaki. Basi nitakwenda mwenyewe. Kivuko cha kwanza wiki ya tatu ya Juni, nitalala Salen kwa Bi MacPhail. Nitagusa mawe, nitashuka, na nikirudi nitamjibu Catriona ndiyo. Kitu kitakuwa kimekwisha na mtu anaweza kufungasha.

Usinijibu kwa jina la nchi nyingine.

Elspeth Rattray


(Simu ya maandishi. Paisley, 15 Juni 1978, kwa Bi E. Rattray, kwa Bi MacPhail, Salen, Mull)

USIGUSE MAWE. NAKUOMBA. INNES


Salen, Mull, 15 Juni 1978, jioni

Innes,

Nimeshuka sasa hivi, viatu vimekauka nusu, na Bi MacPhail amenipa karatasi yako kabla hajanipa chai. Ameisoma. Posta nao wameisoma, na aliyeileta kwa baiskeli ameisoma, kwa hiyo naamini Salen yote imeisoma. Bi MacPhail ameniuliza kwa upole kama mimi ni mtu wa serikali niliyekuja kwa habari ya lile jiwe la mpaka wanalogombania na jirani yake. Nimemwambia hapana. Hakuniamini, lakini ameniongezea siagi.

Nikueleze yaliyotokea, kisha wewe unieleze maana yake, kwa sababu mimi mwenyewe siijui.

Nilianza kutoka ufukweni asubuhi, pale njia inapopanda kando ya kijito. Ukungu ulikuwa juu lakini haukuwa mbaya. Nilikwenda polepole. Nilikuwa na hasira nawe mpaka nusu ya mlima, na hasira ni kitu kizuri cha kupandia, sikuhisi magoti. Kutoka hapo hasira iliisha, nikabaki nazungumza nawe tu. Nilikuonyesha kunguru. Nilikuuliza kama tupumzike. Nilipofika kwenye changarawe za juu nilitoa dira, na kweli sindano ilikuwa inazunguka haijui kaskazini wala kusini, ikanikumbusha barua zako. Nilicheka peke yangu kwenye mawingu kama mwehu.

Halafu ukungu ukafunguka, na rundo la mawe lilikuwa pale. Sio mbali. Kama kutoka kwenye jiko langu hadi mlangoni, labda pungufu. Kulikuwa na mume na mke kutoka Leeds, vijana, wamekaa wanakula machungwa. Wakanikaribisha. Nikasimama. Yule kijana akasema wanaweza kunipiga picha nikiwa nimeshika mawe, nikamwambia ahsante, hapana. Mkewe akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Nikakaa chini hapohapo nilipokuwa, nikatoa mkate wangu wa jibini, nikala nikitazama bahari na visiwa vyote vimetandazwa chini.

Yule kijana hakuweza kuvumilia. Akaniambia: "Mama, umebakiza hatua mbili tu."

Nikamwambia: "Najua, mwanangu. Namngoja mtu."

Wakatazama njia niliyotokea. Hakukuwa na mtu. Wakapeana jicho, wakaniachia chungwa moja, wakashuka. Nikabaki peke yangu na yale mawe, nikayatazama, nayo yakanitazama, nikafunga shanta langu nikashuka.

Sikugusa, Innes. Karatasi yako ilikuwa bado iko posta. Sikugusa kwa akili yangu mwenyewe, na sijui kwa nini, nami nilikwenda kule kwa kusudi hilohilo. Kwa hiyo mlima haujapandwa. Unajua sheria: asiyegusa mawe hajafika. Nimepoteza siku nzima na nimepata chungwa.

Sasa wewe ndiwe unayeonekana kujua. Kwa nini nisiguse?

Elspeth


Paisley, 19 Juni 1978

Elspeth,

Nimeandika barua hii mara nyingi, na zote zilizotangulia zimewasha moto.

Uliniandikia Machi ukaniuliza naonaje kuhusu kuhama. Neno la kwanza nililoandika lilikuwa "Usiende." Nikalitazama. Nikaona mimi ni nani. Mimi ni rafiki wa mumeo. Fundi bomba mstaafu, kapera, mwenye goti bovu. Mwanamke ana binti, ana wajukuu, ana chumba kinachotazama bustani, na mtu wa kando amwambie asiende kwa sababu yeye mwenyewe atakosa mtu wa kupanda naye? Niliona aibu. Nikaichana, nikaandika Norwei.

Nadhani nilifikiri kwamba tukiwa ng'ambo hadi Septemba, ungesahau kumjibu. Halafu Oktoba. Halafu majira ya baridi. Sikupanga kwa akili, Elspeth, usidhani nilikuwa mjanja. Kila usiku nilikuwa nafungua ramani nyingine natafuta milima iliyo mbali zaidi na Septemba.

Na Ben More ni hivi. Tangu tumzike Murdo, umeniandikia kila wiki mbili: Jumamosi, mlima fulani, lete thamosi ya chai. Hujawahi kuniandikia bila mlima. Nami sijawahi kukuandikia bila mlima. Niliihesabu ile orodha ilivyokuwa inapungua na nilikuwa na hofu, nakwambia kweli, nilikuwa na hofu kama ya mtoto. Nilidhani siku tutakayogusa yale mawe ya mwisho utanishika mkono mbele ya watu wa klabu, tutakula keki, na hutakuwa na sababu ya kuniandikia tena. Uliposema utakwenda mwenyewe sikulala. Nilikwenda posta nikasimama kwenye foleni na yule bibi wa dirishani akasoma maneno yangu kwa sauti ili ayahakiki. Watu walikuwa nyuma yangu. Sijali tena.

Basi nimesema. Sikuombi kitu. Ukinijibu kwamba unakwenda, nitakuja kufunga mabomba ya nyumba yako yasipasuke kwa baridi, na nitakuwa mpole.

Lakini zamu ya kuchagua milima bado ni yangu, na nimechagua. Safari hii sitabadilisha. Nyuma ya Dunedin, ukienda bara, kuna milima. Dada wa maktaba alinipatia kitabu chenye picha. Ina theluji juu na nyasi za manjano chini, na upepo unaosemekana ni mbaya kama wetu. Kiangazi chao ni Januari. Gari langu la kazi nimeliuza, kwa hiyo nauli ninayo. Kama umehamia, nitakuja kama mgeni, tupande kilima kimoja au viwili, kisha nirudi. Kama hujahamia, twende pamoja na turudi pamoja. Kwa vyovyote vile nitakuona ukiwa bibi kati ya wajukuu, na nitamwomba Catriona msamaha kwa habari ya meno.

Innes


Perth, 22 Juni 1978

Innes,

Ulikuwa useme tu.

Tangu Machi nimekaa hapa nikidhani unataka niondoke lakini unaona haya kunisindikiza. Nilidhani kila nchi uliyonitajia ni ukuta unaoniwekea. Nami niliandika ile barua ya kwanza kwa sababu moja, na sasa nitaitaja ili tusipotezeane tena kiangazi kingine: nilitaka mtu aniambie nisiende. Catriona hawezi kuniambia hivyo. Paka hawezi. Nilikuuliza wewe, ukaniambia Jotunheimen.

Bado nimechanganyikiwa, ila sasa ni kuchanganyikiwa kwa aina nyingine, na chakula kinapita.

Catriona nimemwandikia jana. Nimemwambia nakuja Januari, nitakaa mpaka nyasi zao za manjano zinichoshe, na nakuja na mgeni mwenye goti bovu anayehitaji chumba chake na mto wa ziada. Nimemwambia kuhama siwezi, kwa sababu nina mlima sijaumaliza huku. Najua atauliza nitaumaliza lini. Nitamwambia yapo mambo ambayo mtu hayaharakishi.

Yale mawe yakae. Yamekaa muda mrefu kabla yetu na hayana pa kwenda. Tutapanda tena mwakani, tutaketi pale nilipoketi, tule mkate wetu, turudi. Na mwaka utakaofuata hivyohivyo. Watu wa klabu watadhani tumerogwa. Bi MacPhail naye atazidi kuamini ni habari ya mpaka.

Keki nimeichemsha hata hivyo. Haitangoja Januari.

Jumamosi nitakuwa kituoni, treni ya asubuhi. Tutapanda Schiehallion, tulikwisha kuupanda, hauna faida yoyote kwenye orodha. Lete thamosi. Nimeona kwamba safari hii umeandika jina langu tupu. Lile neno shemeji liache hukohuko Paisley.

Elspeth